Wacheni Kufomatia Watu Laptopu

Jumanne usiku, saa tano na kitu, binamu yangu alinipigia simu akilia. Si ile kulia ya kuachwa na mtu. Ile ya "bro, nimeisha." Yuko mwaka wa nne, anasoma mambo ya kompyuta, na projekti yake ya mwisho alikuwa anaiwasilisha Ijumaa. Laptopu yake ni zile ex-UK tunanunuanga wote, diski ya GB 128, Ubuntu ndani. Anaweka paswodi, skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili, inamrudisha palepale pa kuweka paswodi. Anaweka tena, inamrudisha tena. Amerudia mara ishirini hivi mpaka ameanza kudhani ni vidole vyake vimesahau.

Na kando yake, hapo hosteli, kuna jamaa ameshashika flashi mkononi. Namsikia kwa simu akisema: "Hiyo OS imechoka. Wacha tuipige fomati, nusu saa iko fiti kama mpya."

Wasee, nilipiga kelele mpaka mathe akaamka chumba kingine.

Hii posti ni ya huyo jamaa. Sitakutaja, hata sikujui vizuri, na najua ulitaka kusaidia. Lakini ni ya kila jamaa kama wewe, na mko wengi: kwa kila hosteli, kila plot, kila cyber. Mtu akisema "mashine imejaa," nyinyi mnasema fomati. Akisema "iko slow," fomati. Akisema "Wi-Fi imekataa," bado fomati. Ni kama daktari ambaye ukimwambia unaumwa na kidole anaenda kuleta msumeno.

Sasa kabla mnijie kwa komenti, wacha niseme kwa nini nina uchungu hivi.

Mimi nilifomatiwa 2021. Nilikuwa mwaka wa pili, laptopu ikaanza kunionya nafasi imeisha. Nikaipeleka kwa fundi mmoja town, jina lake na duka lake nayaacha hukohuko. Akaniuliza, "Kuna kitu cha maana ndani?" Nikamwambia kuna folda ya video kwa Desktop. Akasema sawa. Nilirudi jioni nikakuta mashine inang'aa, picha mpya ya nyuma, kila kitu kinafunguka chap chap. Na ile folda ya Desktop alikuwa ameniwekea, sikatai, alishika neno lake. Shida ni kwamba hizo zilikuwa video zilizokwisha kuhaririwa. Zile mbichi, zote nilizowahi kurekodi, zilikuwa folda nyingine ambayo sikuitaja kwa sababu sikujua kufomati maana yake ni kila kitu. Kati yake kulikuwa na saa moja na nusu ya shosho wangu akinihadithia venye walihama akiwa msichana mdogo. Shosho alifariki mwaka uliofuata. Sina sauti yake popote.

Fundi alinichaji elfu moja na mia tano.

Na unajua nini kilikuwa kimejaza hiyo mashine? Sijui. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Hakuna mtu aliyeangalia. Fundi hakuangalia, mimi sikuangalia. Tulichoma nyumba kwa sababu takataka zimejaa, na hatukuwa hata tumefungua pipa.

Mwaka uliofuata nilitoka chuo. Karo ndiyo ilinitoa, si laptopu, nisidanganye mtu hapa. Lakini nilipobaki nyumbani na mashine moja ambayo ndiyo ofisi yangu, ndiyo studio yangu, ndiyo kila kitu, niliapa hakuna mtu ataiguza tena bila mimi kujua anafanya nini. Niliweka Ubuntu 22.04 Mei 2022. Baadaye ikapanda hadi 24.04 bila kufomatiwa. Imebadilishiwa betri, imebadilishiwa kibodi, imeongezewa RAM, lakini mfumo ni uleule. Ukitaka kujua umri wa wako, fungua teminali uandike stat / halafu angalia mstari wa Birth. Yangu inasema 2022. Na kuna watu huko nje wenye mashine za Debian zimepanda toleo hadi toleo zaidi ya miaka kumi, hazijawahi kufutwa hata siku moja. Kwa hivyo mkiniambia Linux "inachoka," nawauliza: inachoka wapi? Nionyesheni hiyo sehemu iliyochoka.

Hii dini ya fomati tuliirithi kutoka kwa Windows ya zamani, na huko ilikuwa na sababu zake. Kila programu ilikuja na kisakinishi chake, inatupa vitu vyake mahali inapotaka, ukiitoa inaacha nusu. Ongeza virusi vya flashi za cyber, ongeza antivairasi iliyoisha muda tangu hujazaliwa. Fundi alikuwa anafomati kwa sababu kutafuta shida kulichukua muda kuliko kuanza upya, na kulikuwa na foleni ya watu mlangoni. Sawa. Sasa tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kusapoti Windows 10, na Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa ambayo ex-UK nyingi za mtaa huu hazina. Watu wakahamia Linux. Poa kabisa, karibuni. Lakini wamehama na tabia zao kwa mfuko.

Linux za familia ya Debian, na Ubuntu iko kwa hiyo familia, zina daftari. Programu inayoitwa dpkg inaandika kila pakeji uliyoweka na kila faili ambayo hiyo pakeji ilileta. Andika dpkg -L vlc, inakupa orodha ya faili za VLC, moja moja. Chukua faili yoyote huko /usr/bin uiulize kwa dpkg -S, inakuambia mwenyewe ni nani. Hebu fikiria nyumba ambayo kila kijiko kimeandikwa kilinunuliwa lini na nani. Halafu mtu anakuja anasema eti haiwezekani kujua uchafu uko wapi, tubomoe. Maze.

Turudi kwa binamu.

Kile kilichomtokea ni kitu cha kawaida sana, na kinatisha kwa sababu kinafanana na kifo. Diski ikijaa asilimia mia, ile skrini ya picha haiwezi kuandika faili zake ndogo za kuanzia, kwa hivyo inajaribu, inashindwa, inakurudisha. Mashine haijafa. Haina pa kuweka mguu tu. Nikamwambia abonyeze Ctrl, Alt na F3 pamoja. Skrini ikawa nyeusi yenye maandishi, ikamwomba jina na paswodi. Akaingia. Huyo jamaa wa flashi alinyamaza kidogo hapo.

Akaandika df -h. Mstari wa / ulikuwa unasema 100%.

Hapa kuna kitu kizuri ambacho watu hawajui. Mfumo wa faili wa ext4, ambao Ubuntu hutumia kama hukuchagua kingine, unaficha asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root. Wewe mtumiaji wa kawaida umejaza mpaka mwisho, lakini sudo bado ina hewa ya kupumua. Ni hiyo hewa tulitumia. Kwanza sudo apt clean, ambayo inafuta faili za pakeji zilizopakuliwa na kubaki huko /var/cache/apt/archives baada ya kuwekwa. Hazina kazi tena, na ukizitaka utazipakua upya. GB 2 na kitu zikarudi. Halafu journalctl --disk-usage. Hii ni shajara ya mfumo, inaandika kila kitu kinachotokea usiku na mchana. Bila kuambiwa ikome, inaweza kujikatia asilimia 10 ya diski, ingawa haivuki GB 4. Yake ilikuwa imekaribia kabisa hapo. Sudo journalctl --vacuum-size=200M, na GB 3.7 zikaachiliwa.

Akarudi kwa skrini ya kawaida, akaweka paswodi. Ikafunguka.

Alilia tena, lakini sasa ile ingine.

Hapo ndipo watu wengi wangeacha. Sisi tuliendelea mpaka saa nane, kwa sababu nilitaka ajue ni nini kilikuwa kinamla. Na sheria yangu ya kwanza ni kwamba hufuti kitu chochote kabla hujaona. Ubuntu ina programu ya kuonyesha matumizi ya diski kwa michoro, inaitwa baobab ukiiita kwa teminali. Mimi napenda ncdu, ni ya maandishi, inakuja haraka, unatembea ndani ya folda kwa vishale na inakupanga kutoka kubwa hadi ndogo.

Ya kwanza ilikuwa aibu. Pipa la taka, GB 23. Series alizokuwa anakopi kwa marafiki, anaangalia, anafuta. Lakini kufuta kwa kubonyeza Delete ni kuhamisha tu: kila kitu kinaenda ~/.local/share/Trash na kinakaa huko mpaka umwage. Miaka miwili hajawahi kumwaga. Na hapo hapo nikamweleza kuhusu flashi, kwa sababu najua wengi wenu mna flashi "iliyoharibika": ukifutia faili kwa flashi ukiwa Linux, zinaenda kwa folda iliyofichwa ndani ya flashi hiyohiyo, jina lake linaanza na .Trash. Flashi inaonekana tupu na imejaa. Bonyeza Ctrl na H uione. Kuna mtu amewahi kutupa flashi nzima juu ya hii, na huyo mtu anaandika hii posti.

Ya pili ilikuwa Docker, na hapa nataka mkae chini.

Projekti yake inatumia databesi ya Postgres, na alikuwa anaiendesha ndani ya kontena la Docker kama venye walifunzwa. Docker ilikuwa imekula zaidi ya GB 30. Imeji za majaribio ya muhula wote, kashe ya kujenga, kontena zilizokufa. Akaniambia, "Bro, niko na video hapa ya TikTok, kuna amri moja inasafisha yote." Nikamwambia anisomee. Ilikuwa docker system prune -a --volumes.

Nikamuuliza, "Hilo kontena la Postgres linaendeshwa sasa?"

"Hapana, limezimwa."

"Ulipolianzisha uliweka volumu yenye jina?"

"Volumu ni nini?"

Basi. Kama hukuipa Docker mahali pa kuweka data, imeji ya Postgres inajitengenezea volumu isiyo na jina, na data yako yote inalala humo. Hiyo amri ya TikTok kwanza inafuta makontena yote yaliyozimwa. Kontena likishaenda, volumu yake haina mwenyewe. Halafu hilo neno --volumes mwishoni linazoa volumu zote zisizo na jina ambazo hazina mwenyewe. Majibu ya watu mia tatu aliyokusanya kwa miguu yake, akitembea na fomu kwenye jua, yangeenda kwa sekunde nne. Na huyo wa video angekuwa amepata like yake.

Tukawasha kontena, tukatoa nakala ya databesi nzima kwa pg_dump, akaituma kwa barua pepe yake na kwa flashi ya yule jamaa. Hiyo flashi ilikuwa imefutwa tayari kwa ajili ya Ubuntu mpya, angalau ikapata kazi ya heshima. Baada ya hapo ndipo tukaandika docker system df tuone nini kinakula nini, tukaondoa imeji ambazo alizitambua mwenyewe, tukasafisha kashe ya kujenga. GB 25.

Kashe ya nyumbani, ~/.cache, ikatoa nyingine 5. Hiyo ni sehemu ambayo kwa makubaliano programu zinaweka vitu vinavyoweza kutengenezwa upya: picha ndogo ndogo za faili, vitu vya brauza, vitu vya pip. Ukiifuta utakachopoteza ni muda kidogo tu. Lakini usiichanganye na jirani zake. ~/.config ni mipangilio yako, na ~/.local/share ni data ya kweli. Nimeona watu wanaandika "futa folda zote zinazoanza na nukta, ni takataka." Mse, huko ndiko ufunguo wako wa SSH unaishi. Huko ndiko profaili yako ya brauza iko, na kila paswodi uliyohifadhi.

Jumla, karibu GB 59. Kutoka sifuri. Project iko, picha ziko, na mfumo ni uleule aliouweka mwaka wa pili.

Sasa nimesema TikTok, na najua mnaniangalia, kwa sababu mimi pia ni mtu wa video. Kwa hivyo wacha niongee na wenzangu. Zile video za sekunde thelathini, "safisha Linux yako kwa amri moja," mnazifanya kwa sababu zinatembea. Ninajua namba. Ya kueleza inapata watu mia nane, ya amri moja inapata elfu arobaini. Lakini mkono wako hauko kwa kibodi ya huyo mtoto wa hosteli. Mashine yake haina vitu vyako.

Na msidhani ni wajinga tu wanaumia. Novemba 2021, Linus Sebastian wa Linus Tech Tips, mtu mwenye wafuasi mamilioni wanaomfuata kwa sababu ya kompyuta, alikuwa anajaribu kuweka Steam kwenye Pop!_OS mbele ya kamera. Apt ikamwonya kwamba itatoa pakeji za lazima, na ili kuendelea ilimtaka aandike kwa mkono sentensi nzima ya kukubali. Akaiandika. Mashine ikajitoa desktop yake yote. Watu walimcheka, mimi nilimwelewa. Amezoea kompyuta inayomuuliza "una uhakika?" mara kumi kwa siku bila sababu, kwa hivyo ilipouliza kwa sababu hakusikia. Watengenezaji wa apt baadaye walifanya hilo kosa liwe gumu zaidi kulifanya.

Tena Januari 2015, skripti ya Steam yenyewe, si ya mtoto wa TikTok, ilikuwa na mstari wa rm -rf uliotegemea jina la folda. Jina likiwa tupu, mstari ukawa unafuta kuanzia mzizi wa diski. Mtu mmoja alihamisha folda yake ya Steam tu, akapoteza faili zake zote, pamoja na diski ya nje iliyokuwa imechomekwa na bakapu yake ndani. Hao ni mainjinia wanaolipwa. Wewe umeandika skripti yako saa tisa usiku ukikunywa soda, na unataka niiendeshe kwa sudo?

Kuna kundi lingine ambalo pia nawadai. Wale wa usafi uliopitiliza. Mmetoka kwa fomati mkaingia kwa ugonjwa mwingine. Kila asubuhi autoremove, kila jioni BleachBit na visanduku vyote vimetiwa tiki. Mnaandika dpkg -l, mnaona mistari yenye herufi rc, mnakosa usingizi. Hiyo rc maana yake pakeji ilitolewa lakini mipangilio yake imebaki, kwa sababu ulitumia remove badala ya purge. Ni faili za kilobaiti chache huko /etc. Ukitaka kuzitoa, sudo apt purge '~c', soma orodha, kubali, maliza. Lakini usiniambie hizo ndizo zinafanya mashine yako iwe slow. Rekodi moja ya WhatsApp ya shangazi yako ni kubwa kuliko zote zikijumlishwa.

Na autoremove ni rafiki, lakini ni rafiki anayetaka umsikilize. Inatoa pakeji zilizokuja zenyewe kwa sababu ya pakeji nyingine, na hiyo nyingine haipo tena. Mara nyingi ni kerneli za zamani na maktaba ndogo ndogo. Vizuri sana, hasa kama ulifunga diski yako kwa usimbaji ukapewa /boot kidogo, kwa sababu kerneli za zamani zikiijaza hiyo, apdeti zinakwama. (Na usiingie /boot kufuta kerneli kwa rm. Nimekuomba vizuri.) Lakini kuna siku utatoa kitu kimoja, halafu autoremove ikuletee orodha ya vitu mia moja, na katikati yake umeona gnome-shell ama network-manager. Siku hiyo unasema hapana, unatumia apt-mark manual kuiambia hizi ni zangu, nazitaka. Weka -s na inakuonyesha tu ingefanya nini bila kufanya. Hii ndiyo maana sipendi -y. Hiyo herufi moja ndiyo inabeba Linus wote wa dunia.

Uchafu wa kweli, ule unaoua mfumo wa miaka mingi, hauko kwa vitu ambavyo dpkg inavijua. Uko kwa vitu ambavyo haivijui. Kila mara ulipokopi curl kutoka mahali ukaipeleka kwa sudo bash. Kila sudo make install iliyotupa faili kwa /usr/local na hukumbuki ni nini. Kila PPA uliyoongeza 2022 kwa ajili ya toleo jipya la programu moja ambayo hata huitumii tena. Hizo PPA zinakaa /etc/apt/sources.list.d kimya kama mpangaji asiyelipa, mpaka siku unapandisha toleo, ndipo zinaanza kugombana na kila mtu. Apt list '~o' itakuonyesha pakeji ulizonazo ambazo hazipatikani tena kwa chanzo chochote ulichonacho. Zangu zilikuwa kumi na saba mara ya kwanza nilipoangalia. Nne sikuwa najua hata zinafanya nini.

Na pip. Tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04, ukijaribu kuweka maktaba za Python kwa pip moja kwa moja kwenye mfumo, inakataa na kukuambia tumia mazingira yako ya pembeni. Watu wakatafuta jinsi ya kuilazimisha, wakapata swichi inayoitwa --break-system-packages, wakaitumia. Wasee. Jina lake ni "vunja." Ilibidi waandike nini tena, wachore fuvu?

Sasa najua jibu lenu, kwa sababu nimelisoma kila wakati nikiongelea hii: "Lakini fomati ni haraka, dakika ishirini." Haraka kwa nani? Dakika ishirini ni za yule anayefomati. Faili ya Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, hiyo ni bando yako. Halafu apdeti juu yake. Halafu programu zako, fonti zako, printa, OBS na mipangilio yote ya maikrofoni uliyoipata kwa bahati wiki ile umekaa nyumbani. Draiva ya Wi-Fi ambayo hukumbuki uliipata wapi, na sasa unaihitaji ili upate intaneti ya kuitafuta. Hiyo ni wikendi yako nzima. Na ukimaliza utarudisha /home yako ileile kutoka kwa bakapu, na pipa la taka lenye series ndani, na utajaa tena kabla ya Krismasi, kwa sababu hujawahi kujua ulijazwa na nini.

Sisemi msifomati kamwe. Diski ikianza kufa, smartctl ikakuonyesha makosa yanaongezeka, toa data na uibadilishe. Mtu akiingia kwa mashine yako na hujui aliacha nini, fomati bila huruma. Ukinunua mashine ya mtu, fomati hata kabla ya chai. Ukiuza yako pia. Hizo ni sababu. "Imejaa" si sababu.

Mimi siku hizi sina ratiba ya ajabu. Nikitoa programu natumia purge kama najua sitairudia. Mwisho wa mwezi nikihamisha video kwa diski ya nje, nafungua ncdu naangalia kama kuna folda imenona bila mimi kujua. Nimeweka SystemMaxUse=300M kwa /etc/systemd/journald.conf, shajara haivuki hapo. Kama nimetumia Flatpak, flatpak uninstall --unused inatoa zile runtime kubwa zilizobaki zikishikilia hewa. Na nikiweka kitu cha nje ya apt, kuna faili ya maandishi kwa Desktop yangu ambapo naandika tarehe, nilitoa wapi, na nitakitoaje. Hiyo faili iko na mistari arobaini na moja. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya mashine ya miaka mingi na ile ya miezi sita, na haina video ya kuifanyia.

Binamu aliwasilisha Ijumaa asubuhi. Databesi ilifunguka, panelisti mmoja akamuuliza kuhusu bakapu, akajibu kama mtu aliyeona mauti.

Jioni nikapata ujumbe kutoka kwa namba siijui. Ni yule jamaa wa flashi. Hakusalimia. Ametuma picha ya skrini yake mwenyewe, df -h, mstari wa / uko 97%, na chini ameandika: "Bro hiyo ncdu unaiwekaje." Nimemjibu asiguse kitu chochote mpaka nifike. Jumamosi saa nne, nabeba diski yangu ya nje kwanza.